Risala ya Mafundi wa Chokaa na Boriti kwa Mgeni Rasmi, Forodhani, Mji Mkongwe

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa masheha, walimu wetu, wazee wa mitaa, mafundi wenzetu, mabibi na mabwana,

Assalaam aleykum.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujaalia uzima na kutukutanisha. Nawe tunakushukuru kwa kuitikia mwito wetu, tukijua wingi wa shughuli zako.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hapa ulipoketi panaitwa Forodhani kwa sababu ndipo ushuru ulipotozwa. Kwa mkataba wa mwaka 1833 baina ya Seyyid Said, Sultan wa Oman na Zanzibar, na Marekani, bidhaa iliyoteremshwa ililipiwa asilimia 5. Seyyid hakukusanya fedha hiyo mwenyewe. Yeye na masultani waliomfuata waliikodisha forodha kwa wafanyabiashara wa Kihindi, nyumba ya Jairam Shivji kwa miaka mingi na baadaye, enzi ya Sultan Barghash, Tharia Topan, wakilipa kiasi cha mwaka kilichokubaliwa na kinachozidi kikiwa chao. Pembe, sandarusi na karafuu zilipimwa kwa frasila, karibu kilo 16 kila moja; ile nguo ambayo mpaka leo tunaiita marekani ilihesabiwa kwa jora. Watu waliotekwa bara wakauzwe utumwani nao walilipiwa ushuru kwa kichwa, mpaka Sultan Barghash alipotia saini mkataba wa mwaka 1873 wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Hatuwezi kuyasifu majengo haya tukaliruka hilo.

Ghala la zamani la bandarini limejengwa kwa vitu vitatu: mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Ukuta una unene wa nusu mita au zaidi. Upana wa chumba unaamuliwa na boriti, maana mkoko ulionyooka haukupi zaidi ya mita 3 hivi. Ndiyo maana maghala yetu ni marefu na membamba, na mwenye kutaka nafasi kubwa alijenga vyumba sambamba. Madirisha ya ghorofa ya chini ni machache, madogo na yamewekwa juu ukutani, kwa ajili ya wezi na kwa ajili ya unyevu. Karafuu ikipata unyevu huvunda, na mwenye mali amepata hasara.

Ukuta wa matumbawe hunywa maji ya mvua na ya ardhini, kisha huyatoa polepole kupitia lipu ya chokaa. Ukiufunika kwa lipu ya saruji, maji hayana pa kutokea. Chumvi iliyomo hukusanyika nyuma ya lipu, ikikauka huganda na kusukuma, na baada ya misimu michache lipu huanguka vipande vipande pamoja na uso wa jiwe. Maji yaliyobaki hukimbilia kwenye mbao. Boriti haiozi katikati unapoiona, huozea kichwani, ile sehemu iliyozama ukutani. Kutoka chini dari inaonekana nzima. Tia msumari pale boriti inapoingia ukutani: mti mzima unaugomea, uliooza unaupokea kama muhogo uliochemka, na unga wa kahawia unamwagika. Tukikuta hivyo, chumba kinafungwa siku hiyo hiyo.

Kubadilisha boriti ni kazi ya subira. Dari hutegemezwa kwanza kwa nguzo za muda pande zote mbili, kisha boriti hutolewa moja moja, kamwe si mbili zilizofuatana. Mpya iwe imekauka, iingie ukutani angalau sentimita 30, na kichwa chake kiachiwe upenyo wa hewa, kisizibwe kwa zege. Nondo zilizotiwa zamani kwa nia njema zimekuwa adui mwingine. Hewa ya bahari huzitia kutu, zinavimba, na zinapasua ukuta ule ule ambao zililetwa kuushika.

Chokaa nayo ina adabu zake. Mawe yakishachomwa tanuuni huzimwa kwa maji, kisha chokaa hufunikwa ikiwa mbichi kwa miezi 3 au zaidi. Isiyokomaa hulipuka vidonge ukutani baada ya kupakwa. Kipimo chetu ni debe 1 la chokaa kwa madebe 3 ya mchanga, na mchanga usiwe wa pwani, maana huko ni kuupelekea ukuta chumvi kwa mikono yetu. Ukuta hurowanishwa kwanza, kila mkono wa lipu usizidi sentimita 1, na magunia mabichi hutundikwa juu yake kwa wiki nzima. Anayeharakisha anapata nyufa.

Mheshimiwa, tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, jengo la mwaka 1883, iliporomoka pamoja na mnara wake, na watu wawili walipoteza maisha. Iko hatua chache kutoka hapa. Jengo la forodha ya zamani la Mizingani, kwa upande mwingine, lilikaa miaka mingi na wanafunzi wa muziki ndani yake, na jengo linalokaliwa lina mtu wa kuona bomba lililoziba kabla mvua haijaingia ukutani.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kibali chochote cha kukarabati jengo la matumbawe kikataze saruji kwa maandishi, katika lipu na katika kuziba viungo vya mawe. Tupatiwe eneo la kuchimba mashimo ya kukomazia chokaa, kwa sababu sasa fundi anayehitaji chokaa iliyokomaa hana pa kuinunua na anaangukia mfuko wa saruji dukani. La tatu ndilo rahisi kuliko yote: michirizi na mabomba ya mapaa yote ya bandarini yasafishwe kila mwaka mwezi wa Februari, kabla ya masika. Miche ya mtini inayoota kwenye nyufa ing'olewe papo hapo ikiwa bado na majani mawili, kwani mizizi ikishafika ndani haitoki bila kubomoa.

Ngazi tunazo, na vijana 12 wako tayari kuanza na paa la ghala lililo nyuma yako.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.