Muuza redio za magari, muulize mteja nani anaendesha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee na wauza vifaa vya magari na mafundi wanaovifunga, na pia sisi watoto tunaowanunulia wazazi wetu hivi vitu, manake mimi yamenikuta na najua siko peke yangu.

Mzee wangu ana miaka 73, mwalimu mstaafu, ana Toyota Premio yake ya miaka mingi na anaiendesha vizuri, taratibu, tochi za trafiki haijawahi kumnasa hata siku moja. Mwaka jana bodaboda ilimvaa ubavuni akiwa ameshaingia barabarani kabisa, watu wakajaa, na kabla hajashuka kwenye gari mtu ameshasema "mzee macho hayo, si ungewaachia vijana". Hakuna aliyeona kilichotokea ila kila mtu alikuwa shahidi. Akatoa hela ya matibabu na ya pikipiki, akarudi nyumbani akakaa kimya siku mbili. Iliniuma sana. Ndo nikaamua nimfungie dashikamu, ile kamera ya kwenye gari inayorekodi barabara, na redio nayo nibadilishe hapohapo.

Redio yake ilikuwa ileile iliyokuja na gari toka Japani. Wenye magari haya mnaijua, FM yake inaanzia 76 inagota 90, na sisi stesheni zetu zinapanda mpaka 108, kwa hiyo stesheni nyingi mzee hazipati, na kila akiwasha gari sauti ya dada wa Kijapani inamuuliza kadi ya kulipia barabara za kwao huko.

Nikaenda Kariakoo. Yule kijana wa dukani hakuniuliza gari gani wala nani anaendesha, akanitolea redio ya Android ya inchi 9, "bro hii ina YouTube, ina kila kitu". Nikanunua, na kamera juu. Kosa langu hilo nalikubali, nilinunua ninachokipenda mimi.

Sasa sikiliza. Ile redio haina kitufe hata kimoja, sauti unapunguza kwa kugusa kioo, na mtu wa miaka 73 ili aone pa kugusa lazima avae miwani ya kusomea, ambayo akiivaa barabara haioni. Yaani ili apunguze sauti aache kuona mbele! Usiku kioo kinawaka kama taa ya dukani kinamuumiza macho. Na kufunga ndo usiseme. Tundu la redio kwenye Toyota hizi za Japani lina upana wa milimita 200, redio nyingi za kawaida zina kama 180, kwa hiyo lazima ununue fremu ya gari yako, tena inchi 9 inataka fremu yake kabisa, fundi wetu akajazia sponji pembeni akasema imekaa. Halafu akakata plagi ya gari. Kwa wasiojua, waya wa njano unatoka betri moja kwa moja, unatunza saa na stesheni, mwekundu unapata umeme ukiwasha switchi tu. Yeye kaukata wote miwili kaisokota pamoja na utepe mweusi, redio haizimi hata gari ikizimwa, na kamera kaiunga hapohapo. Mzee hatembezi gari kila siku, Ijumaa anataka kwenda msikitini gari kimya, betri imekufa.

Kamera nayo. Ina kitu cha kuhisi mtikisiko, gari likigongwa ile video inafungwa isifutwe. Sawa, lakini ilikuja imewekwa kali na hakuna aliyeirekebisha, na barabara zetu matuta na mashimo, kila tuta kamera inadhani ni ajali. Daladala ilipokuja kumkwangua mlango Mbagala nikakimbilia kadi ya kumbukumbu ya kamera kwa furaha, nikakuta imejaa klipu za matuta tu, toka wiki iliyopita haikurekodi kitu! Na tarehe kwenye hizo klipu ilikuwa 2019, kwa sababu saa haikuwahi kusetiwa. Mzee kanisimamia pale ananiangalia, sikuwa na la kumwambia.

Nikatoa vyote. Sasa hivi ana redio ya kawaida yenye kinobu cha mviringo cha sauti, mkono unakipata bila kuangalia, ina Bluetooth na kitufe kimoja cha kupokea simu, fremu ya 200, na plagi ya adapta ambayo waya wa gari haukatwi kabisa, ni hela ndogo sana ukilinganisha na betri mpya. Kamera haina skrini, ipo nyuma ya kioo cha kati cha kuangalia nyuma, upande wa kushoto, waya umepita ndani ya dari. Nilichagua yenye kapasita, kifaa kidogo cha kutunza umeme, badala ya betri, manake gari ikipaki juani Dar betri ndogo zile zinavimba, na yenye GPS, inajiwekea tarehe yenyewe. Ving'ora vya kamera vya kuonya gari ikitoka kwenye mstari wa barabara nimezima vyote, vilikuwa vinamshtua. Mtikisiko nimeweka chini kabisa. Kadi nimenunua ile ya kazi ya kurekodi muda wote, na nikienda kumsalimia mwisho wa mwezi naichomoa naikagua mwenyewe.

Ninachoomba kwa mafundi na wauzaji, muulizeni mteja, gari gani, anaendesha nani, anavaa miwani, gari inalala siku ngapi bila kutembea. Maswali manne, dakika mbili. Na kabla hamjampa ufunguo mkae naye ndani ya gari, mseti saa, arekodi kidogo, mtoe kadi mwone pamoja kwenye simu kama namba ya gari la mbele inasomeka. Na ninyi wenzangu mnaonunulia wazazi, mchukueni mzee mwenyewe dukani akashike kinobu kwa mkono wake. Mimi wangu mara ya pili nilienda naye, alizishika redio tano, ya sita akasema hii.

Mtoto wa mwalimu,
Mbagala, Dar es Salaam