Pimeni meza kabla ya mikono yetu

Mhariri,

Mimi ni mfunga maboksi katika kiwanda ambacho sitakitaja. Majuzi waliletwa vijana wenye saa za kuhesabu sekunde, wakasimama nyuma yetu wakiandika tu, hata salamu kwa shida. Matokeo yake? Lengo la siku likapandishwa. Maboksi bado yako sakafuni: nainama, nainuka, nageuka kushoto kufuata gundi, narudi.

Frank Gilbreth, Mmarekani aliyeanzia kwenye uashi, aliona waashi wakiinamia kila tofali. Akabuni jukwaa la kupandishwa kadiri ukuta unavyokwenda juu, matofali yakae pale mkono unapofika bila kuinama, yakiwa yamekwisha kupangwa na vibarua. Miondoko 18 ya kuweka tofali moja ikashuka hadi kama 5. Kilichobadilishwa ni kazi yenyewe, si kasi ya mtu! Yeye na mkewe Lillian, mwanasaikolojia, walipiga hata filamu za watu wakiwa kazini, na uchovu wa mfanyakazi kwao ulikuwa hasara ya kushughulikiwa.

Saa peke yake ni ugomvi wa zamani. Mwaka 1911 wafanyakazi wa kalibu, yaani watengeneza maumbo ya kumiminia chuma, katika kiwanda cha silaha cha Watertown, Marekani, waligoma kwa kupinga kupimwa namna hiyo.

Sipingi kuchunguzwa. Ila vijana wale wakirudi waje na futi, na watuulize sisi. Mimi nitaanza na meza ya maboksi, halafu gundi ihamie kulia.

Mfunga maboksi