Barua ya wazi kwa mabinti wa chama cha kusoma: msimcheke Jaya

Wanangu,

Marahaba. Salamu zenu zimenifika, na ile sauti mliyonirekodia kwenye simu nimeisikiliza mara mbili, nimevaa na miwani kabisa kama vile sauti nayo husomwa. Mmecheka sana humo. Mmemcheka Jaya, yule wa kwenye riwaya mliyosoma: mwandishi mzima, kalamu anayo, akili anayo, riwaya inakwisha bado yuko kwa mumewe. Mmoja wenu kasema angekuwa yeye angefungasha virago ukurasa wa kumi.

Haya. Rudini That Long Silence, riwaya ya Mhindi Shashi Deshpande ya mwaka 1988, msome tena ile habari ya hadithi iliyoshinda tuzo. Jaya kaandika hadithi kuhusu mume na mke, imetuzwa, na mumewe Mohan hafurahi hata kidogo. Anaumia. Anaona watu watasema yule mume wa kwenye hadithi ni yeye. Sasa angalieni vizuri: hampigi, wala hamfungii kalamu kabatini. Jaya anauona uso wake tu, basi, anaachana na hadithi za namna ile. Mwishowe anaandika safu ya kuchekesha gazetini kuhusu mke wa nyumbani aitwaye Seeta, na hiyo mume anaipenda. Ni jirani, Kamat, anayemwambia kwamba hadithi zake hazina hasira.

Mlimtafuta mume mkali, hamkumwona, mkasema mwanamke mwoga. Mimi nasema Deshpande kaandika jambo gumu kuliko hilo mlilolitaka. Jaya anapojikagua anatambua kwamba hawezi kumtwisha Mohan mzigo wote. Mwenyewe alikuwa mwepesi wa kunyamaza. Kuondoka kungemtatulia nini, iwapo ukimya kaubeba ndani?

Nimecheka mlipouliza kama mambo haya ni ya wanawake wa Bombay kama Jaya, wenye nafasi zao. Banu Mushtaq ni wakili katika mji wa Hassan, jimbo la Karnataka, anaandika Kikannada. Hadithi zake 12 kuhusu wanawake na wasichana Waislamu wa kusini mwa India, zilizoandikwa kati ya 1990 na 2023, zilipata Tuzo ya Kimataifa ya Booker mwaka 2025. Someni hizo, mtaona mashangazi zenu.

Ila iliyonichoma mimi ni hadithi ya Ambai, anayeandika Kitamil. Kuna nyumba kubwa Rajasthan, kaskazini mwa India, vyumba vingi, na jiko limesukumwa pembeni huko, giza tupu. Mke wa mtoto wao wa kiume, ametoka kusini, anaomba jiko litengenezwe. Wakubwa hawataki kusikia. Mama mkwe sasa, ujana wake na uzee wake ni humo jikoni, na anaamini funguo za stoo na dhahabu alizovaa ndizo nguvu zake. Anapougua, yule yule mkamwana ndiye anayeketi kando ya kitanda na kumwambia kwamba nguvu hizo si zake. Wanangu, mimi ni mama mkwe. Nilifunga kitabu nikaenda kukaa barazani.

Mniwie radhi, sikuandika ili nijisimulie. Lakini mlitaka nasaha, na nasaha yangu ni moja: kila mmoja wenu atafute mtu mmoja humo humo nyumbani wa kujua kwamba anaandika. Mmoja tu. Salma, mshairi wa Thuvarankurichi, Tamil Nadu, alitolewa shule alipovunja ungo, akaozwa, akawa anaandika usiku chooni kwa kujificha. Hata jina la Salma ni la kalamu. Unajua mashairi yalitokaje mle ndani? Mama yake mzazi aliyatoa kwa siri. Baadaye dunia ikamjua, riwaya ikachapishwa 2004, lakini mimi humfikiria yule mama na karatasi zake.

Mimi sikumtafuta mtu. Nilipokuwa nafundisha, nyumbani nina watoto wadogo watatu, nilitunga mashairi kwenye daftari la hesabu na kulificha nyuma ya debe la unga. Jioni moja naingia jikoni, karatasi imefunika sufuria ya maziwa. Mvuke umeilowesha, wino wa buluu umetambaa, beti mbili hazisomeki tena. Marehemu babu yenu alikuwa ametafuta cha kuzuia nzi, akachana ukurasa wa kwanza uliomjia mkononi. Nikatia majani ya chai, nikanyamaza. Nilimnunia karibu mwaka mzima kwa kosa ambalo hakujua amelitenda, na lile daftari sikulishika tena. Hakuwahi kunikataza kuandika. Angekatazaje, naye hakujua kama naandika? Katika beti zile nimebaki na vina tu, na vina bila maneno ni kama kanga bila jina.

Jumamosi njooni kwangu baada ya alasiri, mje na madaftari yenu na si vitabu vya Wahindi. Mkamwana wangu nimemwambia asipike. Tutanunua vitumbua kwa jirani. Huyo mkamwana naye ana daftari, kumbe. Ameniambia juzi.

Wenu,
Bibi
Tanga