Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mtwara: wanaolinda mlima wa maji nao walipwe

Mheshimiwa Mkuu wetu wa Mkoa, shikamoo. Mimi ni mjumbe wa kamati ya maliasili ya kijiji kimoja huku chini ya mlima, yaani mteremko wa uwanda wa Makonde, upande wa Ndanda. Najua meza yako haikosi mafaili na kila anayekuja kwako anakuja na korosho, mimi nakuja na maji.

Mkuu, mtu wa Masasi mjini akifungua bomba, na ndugu zetu wa Nachingwea kule mkoa wa Lindi wakifungua lao, chanzo chao ni Mbwinji, na Mbwinji ni chemchemi. Sasa chemchemi haijitegemei yenyewe. Juu kwenye uwanda wa Makonde mchanga unameza mvua, ndo maana bibi zetu wa Newala walikua wanashuka mteremko wote ule na mtungi mtupu alafu wanapanda nao umejaa kichwani, na ndo maana mkoloni miaka ya 1950 akahangaika na mradi wa kusukuma maji kutoka bondeni kule Mitema kuyapandisha juu. Ile mvua iliyomezwa inashuka polepole ndani kwa ndani inakuja kutokea huku kwetu kwenye makorongo. Msitu uliobaki kwenye mteremko ndo unaoushika mchanga. Ukiufyeka mvua inateremka juu juu na mchanga wake, inafukia macho ya maji, kiangazi mnabaki kuchota tope.

Sasa nani anaulinda huo mteremko? Wakala wa misitu ana watu wake ila ni wachache na mlima ni mrefu, kwahiyo kazi ya usiku tunaifanya sisi. Nikupe picha kidogo. Kwenye doria yetu kuna mzee mmoja ana buti za mvua, la kushoto limepasuka kisigino amelifunga na mpira wa baiskeli, tochi ni yake, betri ananunua yeye, posho hamna. Tukisikia chenso, ule msumeno wa mashine, inalia huko juu tunapanda kuifata, tukifika tunakuta mbao zishapasuliwa na jamaa kakimbia, na mara nyingi huyo jamaa tunamjua, ni mtoto wa jirani. Sitaki nikudanganye kwamba vijiji ni malaika. Bei ya korosho kwenye minada ya mwanzo ya msimu wa 2024 ilipita shilingi 4,000 kwa kilo, kijana akisikia hivyo anaona kila kipande chenye miti ya porini ni shamba lake la mikorosho limelala bure, na ukimwambia mita sitini kutoka kwenye chanzo cha maji sheria ya mazingira ya 2004 hairuhusu shughuli za kudumu wala za kuharibu chanzo anakuuliza, je sheria inanilipa nini?

Na swali lake lina akili. Angalia Kilwa. Vijiji vya Kikole na Kisangi mwaka 2009 vilikua vya kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji kupata cheti cha FSC, kile cha kimataifa cha msitu unaovunwa vizuri, wana mpingo, wanavuna kwa mpango, hela inaingia kijijini, kwahiyo mtu wa kule akimkamata mwizi wa magogo anajua anakamata mwizi wa hela yake. Sisi huku msitu wetu ni wa kushika maji, hauvunwi na hautakiwi kuvunwa. Usimamizi shirikishi kwenye msitu wa namna hii maana yake kijiji kinapewa doria na kuni za kuokota, basi. Bidhaa pekee inayotoka humu ni maji, na maji yanauzwa, ila sisi tunaoyalinda hatumo kwenye hiyo hesabu. Mtumiaji mkubwa anakua na kibali analipa ada kwa bodi ya bonde, ile inayosimamia mito na vyanzo vya maji, mteja analipa bili, wenye viwanda na mahoteli wanapata maji wanafanya biashara. Sina ugomvi na yeyote hapo, nasema tu kamba yote hiyo imeishia mjini.

Ubia wa serikali na makampuni sio jambo geni, sheria yake ipo tangu 2010, tatizo tukisikia ubia tunawaza barabara na bandari tu. Morogoro walishajaribu kwenye milima ya Uluguru, mashirika ya CARE na WWF yakawaunganisha wakulima wa juu na watumiaji wa maji ya mto Ruvu, DAWASCO ya wakati ule, shirika la maji la Dar es Salaam, na Coca-Cola Kwanza wakatoa hela, mkulima akachimba matuta na kupanda miti shambani ili udongo usiingie mtoni, na akalipwa kwa hiyo kazi. Kasoro ninayoiona mimi ni kwamba ule mpango uliegemea hiari ya mnunuzi na shirika la katikati. Huku kwetu wa katikati uwe wewe mkuu.

Ila tafadhali sana usituletee siku ya kupanda miti. Tulishaletewa. Kampuni moja, jina naliacha, walikuja na gari tatu, tisheti, kofia, spika za muziki, miche wakaipanda karibu kabisa na korongo, na ilikua mikaratusi! Mti unaokunywa maji vile unaupanda mlangoni kwa chemchemi. Picha zilipendeza lakini. Mbuzi waliimaliza ndani ya kiangazi kile kile, na kwa mara ya kwanza nikawashukuru mbuzi.

Tunachotaka ni mkataba wa maandishi. Mamlaka za maji, makampuni yanayotegemea maji haya, wanunuzi wa korosho pia (mikorosho inapanda mlimani kwa sababu ya soko lao), wakala wa misitu, bodi ya bonde na vijiji vya mteremko wote huu wakae meza moja, wewe ukiwa mwenyekiti. Kila mnufaika achangie kwa mwaka, hela iingie akaunti ya kijiji isomwe kwenye mkutano wa hadhara, ilipe posho za doria, buti, mizinga ya nyuki kwa vijana, na kitalu cha miti ya asili tuoteshe wenyewe. Na kuwe na masharti. Msitu ukiungua au mashamba yakiingia ndani ya mita sitini, kijiji hicho kikatwe malipo, hata kama ni chetu. Kipimo kiwe maji yenyewe ya mwezi wa tisa na wa kumi, kiangazi kikiwa kikali, yapimwe kwenye chanzo na namba zibandikwe ofisi ya kijiji kila mtu azione.

Kuhusu nani achangie kiasi gani mimi sina utaalamu, mhasibu wako atajua. Ninachoomba kikao kiitwe kabla msimu wa kuandaa mashamba haujaanza, maana moto ukishawashwa hakuna kikao tena. Na kifanyike huku huku Ndanda, sio hotelini Mtwara mjini, nauli hatuna. Mtendaji wa kata namba ya mwenyekiti wetu anayo.