Kikao cha Jumamosi: njooni bila manukato

Habari za jioni ndugu zangu, sisi ambao miili yetu haivumilii kemikali kama za manukato, rangi na salfa. Jumamosi saa kumi alasiri tukutane uani kwangu hapa Mikindani, chini ya mwembe. Ndani hatuingii, sebule imepakwa rangi juzi tu.

Tafadhali msijipulizie pafyumu, na kanga zilizofukizwa udi ziacheni nyumbani. Najua, kwa mwanamke wa huku ni kama kumvua hereni! Lakini kikao kilichopita mwenzetu alikaa dakika kumi tu, midomo ikafa ganzi, kichwa kikamgonga, akaondoka analia.

Ajenda ni barua kwa mwenyekiti wa mtaa kabla msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho haujaanza. Salfa hatuipingi, bila dawa ugonjwa wa ubwiriunga unamaliza maua ya mikorosho, na korosho ndiyo inayotusomeshea watoto. Tunaomba tuambiwe siku moja kabla, tufunge madirisha.

Wakisema tunadeka, waambieni: mwaka 1987 daktari Mark Cullen wa Marekani aliieleza hali hii ya mwili kutovumilia kemikali za aina nyingi. Chanzo chake madaktari wanabishania hadi leo, ila Tume ya Haki za Binadamu ya Kanada inaihesabu kuwa ulemavu.

Anayejua kuandika barua rasmi anifuate inbox.