Kifo cha Saab kitufunze kuuliza michoro ya gari ni ya nani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala wa wasomaji kuhusu nchi zetu kutengeneza magari yake zenyewe. Msomaji mmoja alieleza kwamba nchi yenye watu wachache haiwezi kazi hiyo, na kwamba njia pekee ni kuikaribisha kampuni kubwa ya nje iingie ubia nasi. Nimefanya kazi ya ufundi wa magari maisha yangu yote, na kwa heshima nasema kwamba sehemu ya kwanza ya hoja hiyo si kweli, na ya pili ina hatari ambayo haikutajwa. Ushahidi wangu ni Saab, kampuni iliyounda magari huko Uswidi, nchi yenye watu wachache.

Saab ilianzishwa mwaka 1937 kuunda ndege za kivita. Vita Kuu ya Pili ilipokaribia kwisha iliona kwamba oda za ndege zingepungua, ikaamua kuunda gari huko Trollhättan, mji mdogo, kwa mikono ya watu waliozoea ndege. Gari la kwanza, Saab 92, lilianza kutoka kiwandani Desemba 1949, likivutwa na magurudumu ya mbele kwa injini ndogo ya silinda mbili iliyotumia petroli iliyochanganywa na oili, kama pikipiki za zamani tulizozijua. Wazee wa Afrika Mashariki waliokuwa wakisimama barabarani kutazama mashindano ya Safari wanamkumbuka mrithi wake, Saab 96: mwaka 1962 Pat Moss alishika nafasi ya tatu nalo, na mwaka 1964 Erik Carlsson akashika ya pili, mbele ya magari mengi yenye injini kubwa zaidi.

Binafsi naikumbuka Saab 900 moja iliyoletwa gereji kwetu. Kijana niliyekuwa nikimfundisha kazi aliingia, akapapasa kando ya usukani akitafuta pa kuchomeka ufunguo, asipaone, kwa sababu palikuwa chini, katikati ya siti mbili za mbele, ambako goti la dereva lisingeweza kujigonga siku ya ajali. Kuuchomoa napo ilibidi kwanza uweke gia ya rivasi. Tulipofungua boneti tukakuta klachi iko mbele kabisa, usoni pa fundi, tukaibadilisha bila kushusha injini wala giaboksi. Sijawahi kukutana tena na gari lililomhurumia fundi kiasi kile, na nikajua kwamba waliolibuni walikaa chini wakafikiri wenyewe.

Mwaka 1989 General Motors ya Marekani ilikubali kununua nusu ya kampuni ya magari ya Saab, na mwaka 2000 ikaichukua yote. Haki isemwe: Saab ilikuwa ikipata hasara, na bila fedha hizo huenda ingefungwa mapema. Lakini tangu hapo magari yake yakawa yanajengwa juu ya mifumo ya Opel, kampuni ya Ujerumani iliyokuwa mali ya General Motors, na kwa soko la Marekani likatolewa 9-7X, ambalo lilikuwa Chevrolet lililobadilishwa sura na kuhamishiwa ufunguo katikati ya siti ili mnunuzi aamini kwamba ni Saab.

Februari 2010 kampuni ikauzwa kwa Spyker, kampuni ndogo sana ya Uholanzi. Aprili 2011 mitambo ikasimama kwa kuwa wauzaji wa vipuri hawakulipwa, na kufika Juni mishahara nayo ikakwama. Walikuwepo Wachina waliokuwa tayari kutoa fedha, lakini General Motors, ambayo leseni za teknolojia iliyokuwamo ndani ya magari hayo zilikuwa zake, ilikataa, maana haikutaka ziangukie mikononi mwa washindani wake nchini China. Tarehe 19 Desemba 2011 Saab ikaomba kufilisiwa, na wafanyakazi zaidi ya 3,000 wakabaki bila kazi. Walionunua mabaki mwaka 2012 walipata kiwanda, lakini hawakupata haki ya kuunda 9-5, gari kubwa lililokuwa jipya kabisa, na mwaka 2014 wakanyimwa hata jina la Saab.

Saab walikuwa na kiwanda, mitambo, na mafundi wa miaka 60, na bado hawakuweza kumuuzia kampuni yao anayetaka kununua.

Kwa hiyo, Mhariri, nawaomba viongozi wanaozungumza na kampuni za nje kwa niaba yetu kwamba kabla ya kutia saini mkataba wowote wa kuunda magari, watueleze waziwazi michoro ya injini, giaboksi na bodi itakuwa mali ya nani siku mbia atakapoondoka, na kama vijana wetu wataruhusiwa kuendelea kuliunda gari hilo bila yeye.

Fundi magari mstaafu,
Arusha