Malalamiko kuhusu foleni ya asubuhi katika mgahawa wenu wa kahawa, Kigoma Mjini

Kwa Meneja Uendeshaji,
Makao Makuu ya Kampuni.

Ndugu Meneja,

YAH: TANGAZO LA KUWAKATA MSHAHARA WAFANYAKAZI WA TAWI LA KIGOMA

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu.

Sisi ni wateja wa tawi hilo, na baadhi yetu kazi yetu ni kahawa: kuilima, kuionja, kuipika na kutengeneza mashine zake. Tunapinga tangazo mlilobandika nyuma ya kaunta, kwamba mfanyakazi atakayechelewesha oda kwa zaidi ya dakika tano atakatwa mshahara. Foleni ipo na ni ndefu, hilo hatubishi. Lakini anayeisababisha si binti aliyesimama kwenye mashine.

Kuanzia saa moja na nusu hadi saa tatu asubuhi mnaweka wafanyakazi wawili. Mmoja anaosha vikombe na kupeleka mezani. Wa pili anapokea oda, anapokea pesa, anatoa risiti ya EFD (mashine ya kodi) na kupika kahawa. Sasa fuateni safari ya kikombe kimoja cha kahawa ya maziwa. Kusaga gramu 18, kusawazisha na kushindilia ni kama sekunde 20. Kahawa kutoka ni sekunde 25 hadi 30, na wakati huohuo maziwa yanapashwa kwa mvuke hadi nyuzi 60 au 65. Yakipita 70 utamu unapotea na harufu ya kuungua inaanza. Mkono uliozoea unamaliza yote kwa dakika moja na nusu. Mashine yenu ina vichwa viwili, maana yake vikombe viwili vinaweza kwenda sambamba. Watu kumi wangehudumiwa ndani ya robo saa bila mtu kukimbizana.

Muda unaliwa na malipo. Mteja analipa kwa lipa namba, lakini meseji ya muamala inaingia kwenye simu ya msimamizi, ambaye yuko stoo au hajafika. Mhudumu anaacha mashine, anakwenda kuuliza, anasubiri, anarudi. Mtandao ukisuasua, mteja anaonyesha meseji yake mwenyewe, mhudumu ameagizwa asiikubali, wanabaki kutazamana. Huku nyuma kahawa imeshatoka inapoa, na maziwa yamelala kwenye jagi, povu limejitenga. Akirudi anayapasha mara ya pili, yananuka, na lawama ni zake. Anayelipa taslimu naye anakwama, kwa sababu mmepanga bei za 3,300 na 4,700 na droo haina sarafu za 100 wala 200. Simu ya muamala ikae kaunta, na bei ziishie kwenye 500 au 1,000. Hakuna gharama hapo.

Orodha ya vinywaji imeandikwa Kiingereza kitupu. Wanaoingia pale ni watumishi wa ofisi, wafanyabiashara wa Burundi na Kongo waliotoka bandarini, wazee wa Ujiji waliozoea kahawa chungu. Kila mmoja anauliza ipi ina maziwa mengi, ipi ni kali, ipi haina sukari, na wa kujibu ni yuleyule mwenye jagi mkononi. Andikeni Kiswahili, na chini ya kila kinywaji mstari mmoja wa kilichomo. Oda nazo hazina namba. Ikiitwa "kahawa ya maziwa!" mikono mitatu inanyooshwa, na kijana wa bodaboda aliyetumwa vikombe sita vya ofisini amesimama palepale penye kulipia kwa kuwa hamkutenga pa kuchukulia. Kaunta ni ndefu ya kutosha: oda upande wa mlango, mashine katikati, kuchukua upande wa dirisha.

Kuhusu maji mtuvumilie, maana hapo ndipo mnapopoteza muda na ladha kwa pamoja. Maji ya bomba ya mjini hapa yanatoka Ziwa Tanganyika. pH yake, yaani kipimo cha uchachu na ugadi, inakaribia 9, na yana bikaboneti (aina ya magadi) nyingi. Yakichemka yanaacha ukoko mweupe. Ukoko huo umeziba ncha ya bomba la mvuke la mashine yenu, kati ya matundu manne mawili ndiyo yanayopuliza kwa nguvu. Jagi ambalo lingepata moto kwa sekunde 30 au 40 linapita dakika nzima. Mhudumu anaonekana mzito, kumbe mvuke ndio mdogo. Isitoshe, magadi hayo yanaua uchachu. Mnauza arabika iliyooshwa ya Kalinzi, na uchachu wake safi ndio mnaoulipia kwa mkulima. Ikipikwa kwa maji hayo inatoka imepooza, kama chaki. Inauma kuona zao la milima yetu likiharibiwa mkoani humuhumu linamolimwa.

Kichujio mlichofunga kinaondoa tope na klorini, bikaboneti hakizigusi. Kinachotakiwa ni mtambo mdogo wa RO, unaosukuma maji kwenye utando unaozuia karibu madini yote, wa aina ileile wanayotumia wauza maji ya kunywa, kisha sehemu tano za maji yake zichanganywe na sehemu moja ya maji ya ziwa. Msitumie ya RO peke yake: kahawa inahitaji madini kidogo, na maji yasiyo na madini kabisa yanakula vyuma vya boila. Wakati mnajipanga, ncha ifunguliwe kila jioni, ilowekwe nusu saa kwenye maji ya moto yenye unga wa sitriki (asidi ya ndimu), matundu yazibuliwe kwa sindano. Na kila baada ya jagi, bomba lifutwe kwa kitambaa kibichi na kupulizwa kidogo, vinginevyo maziwa yanakauka ndani.

Kwa kuzidiwa, mhudumu anasaga kahawa ya asubuhi nzima kabla ya kufungua mlango. Tunamwelewa, ila kahawa iliyosagwa inaanza kupoteza harufu ndani ya robo saa. Ikifika saa tatu gesi iliyomo ndani ya kahawa imekwisha, maji yanapita kwa sekunde 15, na mteja anakunywa kitu chepesi kisicho na uzito mdomoni.

Umeme: mashine ya vichwa viwili huvuta takribani wati 3,500, birika 2,000, maikrowevu zaidi ya 1,000, na vyote mmeviweka laini moja. Hiyo ni ampea 28 kwenye breka iliyoandikwa 20. Sambusa ikiwekwa kupashwa, umeme unakatika, presha ya boila inashuka na foleni nzima inasubiri. Mashine ipewe laini yake.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kukata mshahara kwa utashi wake. Sheria hiyohiyo inampa mfanyakazi mapumziko ya dakika 60 akifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo, na wale wawili hawayapati.

Tunaomba tangazo liondolewe mara moja, na mfanyakazi wa tatu aongezwe kati ya saa moja na saa nne asubuhi kwa ajili ya oda na malipo tu. Majibu tunayataka kwa maandishi ndani ya siku 14. Fundi wa mashine na mwonjaji kahawa miongoni mwetu wako tayari kuja siku yoyote jioni, mkishafunga, kuwaonyesha wafanyakazi wenu haya yote bila malipo.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Wateja wa tawi la Kigoma Mjini

Nakala: Msimamizi wa Tawi